Thamani ya Kijana na Bei ya Kazi Yake

Swali lililo kongwe kuliko michezo yote ni hili: je, mwanadamu aweza kumpima mwanadamu mwenziwe, akamwekea daraja na kumtilia kiasi, kabla siku hazijadhihirisha yaliyomo ndani yake? Sisi wakazi wa Mtopanga, hapa Mombasa, kama walivyo jirani zetu wa Kisauni nzima, hulijibu swali hili kila muhula pasi na kulitaja, kwani ni nadra kumpata mzazi ambaye, mtoto wake anaporudi na karatasi ya mtihani, hamwulizi kwanza amekuwa wa ngapi, ndipo baadaye, akikumbuka, amwulize amejifunza nini. Mtihani wa KCPE, uliowapanga watoto wa Kenya kwa alama tangu 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini tabia ya kupanga haikuondoka nao, kwa sababu makazi yake ni nyoyoni mwetu, na yaliyomo nyoyoni hayafutwi kwa waraka wa wizara.

Nimeona ni aula kulichunguza jambo hili katika uwanja ambao watu hupimwa jahara, kwa hesabu na kwa fedha, mbele ya macho ya walimwengu: nao ni uteuzi wa wachezaji wapya wa mpira wa vikapu, unaofanywa kila mwaka na ligi kuu ya Marekani iitwayo NBA. Katika uteuzi huo timu hupokezana zamu za kuchagua vijana, na zile zilizoshindwa katika msimu uliopita ndizo hutangulizwa, ili mnyonge apate nguvu. Na ili timu isije ikajishindisha kwa makusudi kwa tamaa ya zamu ya kwanza, tangu 1985 zamu za mbele hupigiwa kura. Kura hiyo leo hupigwa kwa vijipira 14 vyenye nambari, ambavyo vinne kati yavyo hutolewa, na kwa kuwa yako mafungu 1,001 yawezayo kutokea, mafungu 1,000 kati ya hayo hugawiwa timu kwa kadiri ya unyonge wao. Kisha kila nambari ya duru ya kwanza ina ujira wake uliokadiriwa kwa mapatano, hata ikawa kijana akitajwa wa tatu au wa kumi, riziki yake ya miaka ya mwanzo imekwisha kuandikwa kwa kiasi kikubwa.

Na tuwatwae vijana wawili wa lugha yetu. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1992, na Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka wa 2002. Na miji hiyo miwili ya Kongo, ijapokuwa iko mbali na bahari, ni miji ya Kiswahili, ambamo mtu wa Mombasa akifika hakosi wa kuzungumza naye. Wote wawili waliingia katika ligi kama wachezaji wa mbele, wale waitwao fowadi, na wote wawili walichaguliwa wa 7: Biyombo mwaka wa 2011 na Kuminga mwaka wa 2021. Mwenye kuamini kwamba nambari ni kipimo cha mtu, hana budi kusema kwamba vijana hawa walikuwa sawa.

Lakini sivyo walivyokuwa, wala njia zao hazikuwa moja. Biyombo alionekana na mkufunzi Mreno Mario Palma katika mashindano ya vijana huko Yemen, akapelekwa Uhispania, akacheza Fuenlabrada miongoni mwa watu wazima. Kisha Aprili 2011, katika mchezo wa vijana uliofanywa Portland, akapata pointi 12, akadaka mipira 11 iliyorudi kutoka kwenye ubao, na akazuia mitupo 10 ya wapinzani, shani ambayo haikuwahi kuonekana katika mashindano hayo. Usiku wa uteuzi alitajwa na Sacramento, na usiku huohuo haki yake ikahamishiwa Charlotte. Kuminga alikwenda Marekani mwaka wa 2016 angali mtoto wa miaka 13, na badala ya kupitia chuo kikuu, kama ilivyokuwa ada, alijiunga na Ignite, timu iliyoundwa kuwalipa ujira vijana waliokuwa wakingojea uteuzi. Timu iliyomchagua ni Golden State, ila zamu yenyewe asili yake ilikuwa mali ya Minnesota, iliyoitoa katika mabadilishano ya mwaka wa 2020 kwa sharti kwamba kura ikiiangukisha katika tatu za mwanzo, haki ingesalia Minnesota. Kura ikaangukia 7, na kijana akaenda upande wa pili wa nchi kwa jambo ambalo yeye hakuwa na mkono ndani yake.

Basi yule akaingia katika nyumba ya dhiki na huyu katika nyumba ya neema. Charlotte ya msimu wa 2011-12 ilishinda michezo 7 na kushindwa 59, na hadi wakati huo hapakuwa na timu iliyopata sehemu ndogo zaidi ya ushindi katika tarehe yote ya ligi. Biyombo, akiwa mgeni kazini, alipata wastani wa pointi 5.2, mipira 5.8 iliyorudi, na mitupo 1.8 iliyozuiwa. Kuminga alifika akawakuta Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green, mabingwa waliokwisha kuvikwa taji mara tatu pamoja. Akapata wastani wa pointi 9.3 kwa dakika zisizofika 17 za kila mchezo, na Juni 2022 timu yake ikaishinda Boston, naye akawa bingwa akiwa na miaka 19. Ukitaka kuwalinganisha kwa pointi utampa Kuminga. Ukitaka kuwalinganisha kwa ulinzi utampa Biyombo. Ukitaka kuwalinganisha kwa mataji umelinganisha timu, wala hukulinganisha watu.

Hapa ndipo inapotupasa tutafautishe mambo mawili ambayo ghasia ya soko huyachanganya. Wanazuoni wetu wa fikihi, walipoieleza ijara, walifunza kwamba anayeajiri mtu hununua manfaa ya kazi yake kwa muda uliotajwa, wala hanunui shingo yake. Manfaa yaweza kutiwa bei, na shingo ya mtu huru haina bei. Mafunzo hayo kwetu si maneno ya vitabuni tu. Hapa hapa Kisauni, katika miaka ya 1870, wamishenari wa jumuiya ya Kiingereza iitwayo CMS walianzisha kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, na kengele yao ingaliko pale Kengeleni, ambapo watu wa Mtopanga hupita wakielekea kisiwani. Wazee wa kijiji kile walikuwa wamewahi kusimamishwa, wakatazamwa meno na mikono, wakatajiwa kiasi, na aliyewataja alidhani ya kuwa amewajua. Wateuliwa wa leo ni watu huru, wanakubali wenyewe na wanalipwa vizuri mno, na ni dhulma kwa waliouzwa kusema kwamba mambo hayo mawili ni mamoja. Lakini hatari ya fikira ni ileile: aliyezoea kutaja bei ya kazi ya mtu, siku moja hujikuta anataja bei ya mtu.

Na hata hiyo bei ya kazi, katika kijana, ni dhana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda mtini kabla uzuri wake haujadhihiri, kwa sababu mnunuzi hajui kama yatasalimika, na muuzaji hawezi kudhamini kisichokuwa mikononi mwake. Kumwajiri kijana si kununua tunda, na sheria haikatazi. Lakini hekima ya katazo lile yatufaa, nayo ni kwamba anayenunua kisichodhihiri hulipia tumaini lake mwenyewe. Sacramento na Charlotte zilitaja 7 kwa hitaji lao, na Golden State ikataja 7 kwa hitaji lake. Biyombo aliyeitwa wa 7 mwaka wa 2011 alikuwa ni yuleyule ambaye, baada ya kudaka mipira 26 kwa ajili ya Toronto katika mchezo mmoja dhidi ya Cleveland mnamo Mei 2016, Orlando ilimpa mapatano ya miaka 4 kwa dola milioni 72. Hakika kazi yake ilikuwa imekomaa. Lakini mikono iliyodaka ilikuwa ni ile aliyotoka nayo Lubumbashi, na kilichobadilika zaidi ni macho ya wanaotazama.

Vitabu vya dini vimetangulia kutufunza haya. Nabii Yusuf aliuzwa kwa dirhamu chache za kuhesabika, na waliomuuza hawakuona kuwa wamepoteza kitu. Na jirani zetu Wakristo husoma ya kwamba Samweli, alipotumwa nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, alivutiwa kwanza na mwana mkubwa kwa wajihi na kimo chake, akakatazwa, na mteuliwa akawa Daudi, yule mdogo aliyekuwa malishoni. Ikiwa nabii aweza kukosea kwa kutazama kimo, ni kipi kitakachowakinga na kosa hilo watu ambao kazi yao ni kupima kimo?

Hata hivyo iko hoja nzito ambayo haifai kukimbiwa. Atasema msemaji: mifano yenu yote ni ya watu waliofaulu, Yusuf alikuwa mkuu wa hazina, Daudi akawa mfalme, na Biyombo akapata mamilioni, je, yule ambaye bei yake ilikuwa kubwa na kazi yake isifikie bei? Tunaye, naye ni ndugu yetu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa 2 mwaka wa 2009 na Memphis, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na mbele ya Stephen Curry ambaye naye alikuwa wa 7. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, na katika msimu wake wa kwanza akashushwa kwa muda katika ligi ndogo, kisha akapita timu kadhaa mpaka mwaka wa 2014 alipoiaga NBA. Wengi wamelitaja jina lake kama kwamba yeye ndiye aliyeahidi nambari 2, ilhali nambari hiyo alipewa. Waliokadiria ni wengine, na aliyebebeshwa lawama ya makadirio ni yeye. Kama thamani ya mtu ni kuishinda bei yake, basi Thabeet amepungua; na kama tunamwonea haya asemaye hivyo, basi tumekiri kwamba thamani haikuwa katika kushinda bei. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba soko hukosea na baadaye hujirekebisha, kwa kuwa marekebisho nayo ni bei nyingine. Yatupasa tuseme kwamba mizani ya soko, ipatie au ikosee, hupima kitu kingine.

Kipi basi kipimwe katika nafsi? Akida ya Ash'ari, ambayo ndiyo iliyosomeshwa vizazi kwa vizazi katika madarasa ya pwani yetu, hutafautisha baina ya yale ambayo Mungu ameyakadiria na kasbu ya mja, yaani sehemu anayoichuma yeye kwa hiari yake na ambayo kwayo ataulizwa. Kuzaliwa Goma au Lubumbashi, kupewa kimo, kura kuangukia 7, kupelekwa katika nyumba ya dhiki au ya neema, hayo ni takdiri, na hapana atakayeulizwa kwa nini alizaliwa mrefu. Kasbu ni jinsi mtu alivyotumia alichopewa. Na katika msimu uleule wa 2021-22, ambapo Kuminga, mgeni wa ligi, alikuwa akikaa benchi usiku mmoja na kuitwa uwanjani usiku wa pili, akijifunza subira kati ya mabingwa, Biyombo alikuwa amerejea kazini na timu ya Phoenix baada ya kufiwa na babake, akautoa mshahara wake wote wa msimu huo, upatao dola milioni 1.3, ili hospitali ijengwe Kongo kwa kumbukumbu ya mzee huyo. Mshahara ule ulikuwa sehemu ndogo ya ule aliokuwa akilipwa Orlando. Kwa hesabu ya soko, bei yake ilikuwa imeshuka. Ni nani atakayesema kwamba mwaka ule thamani yake ilishuka?

Wala sisemi kwamba kwa tendo hilo Biyombo ni bora kuliko Kuminga, kwa sababu kusema hivyo ni kuirudia ghururi ileile kwa nguo ya uchaji: subira ya mmoja na sadaka ya mwenziwe hazimo katika jedwali moja, na siri ya nia ya kila mmoja iko kwa Mola wake. Dini yetu imefunza kwamba amali huhukumiwa kwa khatima, na khatima ya walio hai haijafika. Tunachoweza kulinganisha kwa insafu ni kazi na kazi: mitupo kwa mitupo, dakika kwa dakika, na timu ina haki ya kufanya hivyo kwa kuwa inalipa. Nafsi na nafsi hatukupewa mizani ya kuzilinganisha.

Kutokana na hayo napata wajibu mbili kwa kila mwenye kupima, awe ni mteuzi wa Marekani, au mwalimu wa shule ya Shimo la Tewa, au mzazi wa Mtopanga. Wa kwanza ni kwamba makadirio ni deni la aliyekadiria: ukimwita mtoto wa kwanza ukakosea, au ukamwita wa mwisho ukakosea, kosa ni lako, na usimtwike yeye aibu ya dhana yako. Wa pili ni kwamba bei isiachwe iwe hukumu. Mtoto aliyekuwa wa 40 katika darasa apewe kitabu kilekile, mwalimu yuleyule na heshima ileile apewayo aliyekuwa wa 1, kwa kuwa aliyepewa kidogo akaulizwa kwa nini hakuzaa kingi, amedhulumiwa mara mbili. Tuendelee kupima kazi za watoto wetu, kwani pasipo kupima hapana kufunza. Lakini tuwapime tukijua kwamba sisi wenyewe tutaulizwa, mbele ya Hakimu asiyekosea, kwa kila daraja tuliyowapa waja wake.