Nani Ajue Tulipo?



Simu ndiyo inayotupa habari za waliobaki Masisi na za waliotufuata hadi huku Kanama. Lakini kila tunapopiga, kampuni huandika saa na mnara uliopokea simu ile. Je, jina likifutwa, kumbukumbu hizo zinaweza kupewa mtu yeyote?

Faida yake hatuikatai. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 3 Februari 2008 upande wa Ziwa Kivu, watafiti walichunguza kumbukumbu za simu za Rwanda, wakaona jinsi watu walivyowatumia salio la kupigia simu wale waliokuwa karibu na maafa. Hata anayegawa msaada anahitaji kujua watu wamekimbilia upande gani.

Ila kufuta jina si kumficha mtu. Mwaka 2013 watafiti wengine walipima nyendo za watu milioni 1.5 wa nchi moja ya Ulaya. Wakaona kwamba ukijua mahali panne tu alipokuwa mtu, pamoja na saa zake, utamtofautisha na wengine wote kwa watu 95 katika kila 100. Tujifikirie sisi: soko la Mahoko, ibada ya Jumapili, zahanati, mpaka wa Petite Barrière. Nani mwingine amepita hapo kwa saa zile zile? Anayejua hayo manne ataona na mengine yote, hata mahali anapolala dada aliyemkimbia mume mkali.

Doegi Mwedomi (1 Samweli 22) hakusema uongo. Alitaja mahali alipomwona Daudi, na makuhani 85 wakauawa.

Kwa hiyo anayetaka kutusaidia ahesabu makundi, asifuate nyayo za mtu mmoja. Aandike siku, si dakika, na penye watu wawili watatu asipaonyeshe. Ramani yake itafifia kidogo, lakini unga utafika (ukiwepo!).

Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 inampa mtu haki ya kuondoa idhini aliyoitoa. Ni jema, ingawa mwenye njaa aliye kwenye foleni hukubali lolote. Basi tusaidiane kuuliza pale pale: nani ataziona habari hizi, na zitatunzwa muda gani? Na mtu akitupigia akiuliza fulani anakaa wapi, tumwulize fulani kwanza.