Muislamu mwenye sonona aambiwe nini?

Na mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Mbugani, Kyela

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wake na maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, katika misikiti yetu hakosekani mtu ambaye siku hizi hatumuoni safu ya Alfajiri. Duka hafungui, chakula hakimpiti kooni, usiku kucha yuko macho. Akiulizwa habari zake, majibu ya watu ni matatu: ana pepo, ni mvivu, au imani yake imepungua. Jibu la nne, kwamba ni mgonjwa, halitajwi. Ugonjwa huo unaitwa sonona. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Sonona ni pale huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, inapodumu wiki mbili au zaidi na kuharibu usingizi, kula na kazi.

Je, huzuni nzito ni dalili ya kukosa imani? Turejee katika Qur'an. Sura Yusuf inatueleza kuwa Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Allah. Katika Sura Maryam, Bibi Maryam (a.s.), uchungu wa uzazi ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Sasa tutazame alivyojibiwa. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaamrishwa atikise shina la mtende zimwangukie tende, ale, anywe na moyo wake utulie.

Tuzingatie hapa. Alipewa neno la upole, akaelekezwa kwenye neema iliyopo miguuni pake, kisha akapewa kazi ndogo anayoiweza. Mwanamke anayejifungua hana nguvu ya kuutetemesha mtende. Aliyeangusha tende ni Allah, lakini mkono ulitakiwa utikise.

Mpangilio huo unakaribiana sana na tiba ya fikra na matendo, maarufu kwa herufi CBT, aliyoianzisha daktari Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960. Msingi wake ni kutenganisha tukio na fikra. Chukua mfano wa mkulima wa hapa Kyela ambaye mafuriko yamemchukulia mpunga. Hilo ni tukio. Moyo unamwambia: "Mimi ni mtu wa mkosi, sitainuka tena, wanangu ni afadhali wakae bila mimi." Hizo ni fikra, wala si tukio. Mgonjwa anafundishwa kuziandika na kuzidai ushahidi: Je, sijawahi kuinuka baada ya hasara? Miti ya kakao nayo imekwenda na maji? Kisha anatikisa mtende wake: leo aoge na amtembelee jirani, kesho alime matuta mawili, hata kama hamu haijarudi.

Atakayesema haya ni ya Wazungu, akumbuke Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyezaliwa mwaka 850 na kufariki 934. Katika kitabu chake juu ya maslahi ya miili na nafsi, aliigawa huzuni katika aina mbili, yenye sababu inayojulikana na isiyojulikana sababu yake, na hii ya pili aliihusisha na mwili. Alishauri pia mtu aweke akiba ya fikra njema akiwa mzima, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Ipo pia tiba ya kuurudisha moyo pale ulipo, ambayo Jon Kabat-Zinn aliiingiza hospitalini Marekani mwaka 1979. Asili yake ni mazoezi ya Wabudha. Muislamu halazimiki kuazima ibada ya mtu, kwani kuhudhurisha moyo anakufahamu. Unapotawadha, yasikie maji mkononi. Katika rukuu, fikra ya huzuni ikija, itambue, usigombane nayo, rudi kwenye tasbihi yako.

Lakini tusiifanye swala kuwa fimbo ya kumchapia mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu, na yeye mwenyewe alikuwa akimuomba Allah kinga dhidi ya wasiwasi na huzuni. Dua na dawa havigombani. Aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa kuwa amesomewa ruqya. Na anayetaja kufa asihubiriwe adhabu ya kujiua na kuachwa peke yake. Aulizwe waziwazi, akae na mtu, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema madaktari wa akili ni wachache. Ni kweli. Zimbabwe nao walikuwa hivyo. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha wagonjwa 573 wa Harare. Baada ya miezi sita, waliobaki na sonona kati ya waliokaa kwenye benchi hawakufika 14 katika kila 100. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50 katika kila 100. Benchi hilo la Urafiki limeshafika Zanzibar, na limefika Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe.

Sisi tuna vibaraza vya misikiti. Baada ya Alasiri vinatumika kwa mazungumzo ya mpira na siasa. Kamati za misikiti zinashindwa nini kuwaomba wahudumu wa afya wawafundishe wazee wawili na akina mama wawili, watu wa kutunza siri? Anayekosekana safu ya Alfajiri hahitaji kujadiliwa. Anahitaji kufuatwa nyumbani, leo.

Wabillahi tawfiq.