Salio na Kumbukumbu

Nilipoandika programu ya kikoba chetu, salio la kila mtu lilikuwa namba moja tu. Ukilipa, namba mpya inafuta ya zamani. Siku moja mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, elfu ishirini yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Programu iliijua leo tu, jana haikuijua.

Nikaanza upya: usifute, ongeza. Kila malipo yana mstari wake, salio linakokotolewa humo, kama daftari la mangi. Redux, iliyotoka 2015, nayo hairuhusu kugusa hali moja kwa moja; unatangaza kilichotokea, ndipo hali mpya inapatikana.

Tunasema yaliyopita si ndwele. Sawa, lakini nadhani mwenye haki ya kusema hivyo ni anayedai, siyo mimi niliyefuta.