ELIYA CHINI YA MRETEMU: NENO KWA WALIOCHOKA MOYONI



 

Somo letu ni 1 Wafalme 19:1-18. Tunaomba kila nyumba ilisome lote kabla ya kuendelea. Kama wazazi hawasomi, mtoto wa shule awasomee, na wote wasikilize.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya jambo tunalolikuta kila tunapotembelea nyumba za waumini. Watu wengi wamechoka, na uchovu wenyewe si wa jembe. Kuna mama asiyepata usingizi. Kuna baba anayekaa kimya siku nzima akitazama ukuta. Kuna kijana ambaye zamani aliimba kwaya, na sasa amejifungia ndani na simu yake. Ukiuliza, wanajibu, "Ni mawazo tu." Na wengi wao wanaona aibu, wakidhani Mkristo wa kweli hawezi kuwa hivyo.

1. Mtumishi wa Mungu anaweza kuvunjika moyo

Eliya hakuwa mtu wa imani ndogo. Sura ya 18 inatueleza jinsi alivyosimama peke yake juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, na Mungu akamjibu kwa moto. Lakini mara baada ya ushindi huo, malkia Yezebeli alimtumia ujumbe kwamba atamwua. Eliya akakimbia kuokoa nafsi yake. Alitoka katika nchi yake, akafika Beer-sheba ya Yuda, akamwacha mtumishi wake hapo, akaenda peke yake jangwani mwendo wa siku moja. Akaketi chini ya mti wa mretemu, akamwomba Mungu amtwae, afe.

Sisi tunaijua safari hiyo. Wengi wetu tuliondoka usiku, tukavuka mpaka tukiwa na watoto mgongoni na sufuria moja. Tunajua pia kwamba moyo hauvunjiki wakati wa kukimbia. Wakati wa kukimbia mtu ana nguvu za ajabu. Moyo huvunjika baadaye, mtu akishafika na kuketi.

Tazameni vizuri: Maandiko hayasemi kwamba Eliya alikuwa na pepo, wala hayasemi kwamba alitenda dhambi kwa kuhuzunika. Hata Bwana wetu kule Gethsemane aliwaambia rafiki zake watatu kwamba roho yake ina huzuni nyingi, akawaomba wakeshe pamoja naye (Mathayo 26:36-38). Hakujifanya yuko sawa. Basi ndugu, usimwambie mwenzako mgonjwa wa moyo kwamba angekuwa na imani asingelia. Mwana wa Mungu mwenyewe alilia.

Tena jambo hili si la watu wachache. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zilizopitia vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, mwepesi au mzito. Hesabuni benchi moja la watu kumi siku ya Jumapili. Wawili kati yao huenda wanabeba mzigo huu, na pengine hakuna aliyewauliza.

2. Simu inaweza kuongeza jeraha

Eliya alivunjwa na ujumbe. Yezebeli hakumgusa hata kwa kidole. Alimtuma mtu na maneno, na maneno yale yakamkimbiza mpaka jangwani. Leo ujumbe unaingia mfukoni mwetu mchana na usiku. Hatusemi simu ni mbaya. Kwa simu tumepata ndugu tuliodhani wamekufa, na kwa simu tunapokea msaada kutoka kwa jamaa. Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni picha za vita. Goma ilipoanguka Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari uliofuata, video za maiti na za watu wanaopigwa zilizunguka katika vikundi vya WhatsApp usiku kucha. Wengine walizitazama mpaka alfajiri wakitafuta sura ya ndugu. Mwili haujui kwamba ile ni simu tu. Moyo unadunda kama siku ile ya kwanza, na usingizi unaondoka. Ukitaka habari za nyumbani, muulize mtu mmoja unayemwamini, mchana. Usitazame picha hizo kabla ya kulala, na usiwatumie wengine.

La pili ni kujilinganisha. Ndugu yetu aliyepelekwa Marekani au Kanada anaweka picha akiwa amesimama karibu na gari, amevaa koti zuri. Sisi tunaitazama tukiwa kwenye foleni ya maji, tunasema, "Mungu amenisahau." Lakini picha ile haionyeshi kazi ya usiku kiwandani wala kodi ya nyumba. Haionyeshi kwamba hata tiketi ya ndege iliyompeleka Marekani ilikuwa mkopo wa kurudishwa kidogo kidogo. Haionyeshi jioni anazolia peke yake kwa sababu hakuna jirani wa kumgongea mlango. Yeye naye anaona aibu kutuambia. Na tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi na safari zilizopangwa zikafutwa, kuna familia zilizokuwa zimeshauza vitu vyao zikabaki hapa. Kwao picha kama hizo ni chumvi juu ya kidonda. Tuwaombee, na tusiwaulize kila siku, "Mtaondoka lini?"

La tatu ni walimu wa uzima wa haraka. Mmoja anasema: amka saa kumi na moja alfajiri, kunywa maji ya limau, fanya mazoezi, fikiria mazuri tu, na huzuni itaondoka. Mwingine anauza chai ya kusafisha mwili. Wa tatu anajiita mtumishi wa Mungu. Anasema tuma sadaka kwa namba hii, weka mkono juu ya simu, tupa dawa zako, umepona. Mazoezi si mabaya, na kuamka mapema sisi tunakujua tangu utoto, maana jerikani haijajaa yenyewe hata siku moja. Ubaya wa mafundisho haya ni kwamba yanamwacha mgonjwa na mzigo wa pili. Asipopona, anaambiwa kosa ni lake: hakufikiri vizuri, hakuamini vya kutosha, hakutoa vya kutosha. Alikuja na ugonjwa, anaondoka na ugonjwa na hatia.

3. Jinsi Mungu alivyomtibu Eliya

Sasa tuone Mungu alifanya nini. Malaika alipofika chini ya mretemu hakumhubiria Eliya. Hakumkemea. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika hakukasirika kwamba amelala tena. Alirudi mara ya pili, akampa chakula tena, kwa kuwa safari iliyobaki ilizidi nguvu zake.

Hapa tunajifunza kwamba uponyaji ulianza na mwili. Chakula, maji, usingizi na mkono wa mtu. Tunajua kwamba mwaka 2025 mgao wa chakula ulikatwa kwa watu wengi sana hapa Uganda, na si rahisi kumwambia mtu ale vizuri. Ndiyo maana neno hili si la mgonjwa peke yake. Jirani ndiye malaika mwenye mkate. Kikombe cha uji kwa mama aliyelala siku tatu bila kuwasha moto ni huduma ya Mungu, sawa na mahubiri.

Tena uponyaji ulichukua muda. Eliya alitembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu, na alipofika bado alikuwa analalamika maneno yale yale. Mungu alimwuliza mara mbili, akamsikiliza mara mbili. Hakusema, "Hayo umeshayasema." Basi tusimchoke mtu anayerudia hadithi ya siku ile walipochomewa nyumba. Akirudia, tusikilize tena.

Mwisho, Mungu alimrudisha kwa watu. Eliya alisema amebaki peke yake. Mungu akamjibu kwamba wako 7000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti, akampa na Elisha awe mwenzake. Kumbukeni kwamba Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba kabla ya kuketi na kuomba kufa. Kujitenga kulikuwa sehemu ya ugonjwa, na kupata mwenzake kulikuwa sehemu ya dawa.

Wataalamu nao wameliona jambo hili, tena karibu na sisi. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda. Watu wenye huzuni nzito walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao, na jinsi ya kusaidiana. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Waliokutana hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wale wa vijiji vingine ambao hawakuwa na vikundi. Na kule Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 bibi wazee waliofundishwa huketi na wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Ugonjwa wenyewe Washona wanauita kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Si ndiyo "mawazo" yetu?

4. Dawa si adui wa maombi

Nabii Isaya alimpelekea mfalme Hezekia neno la uponyaji, na bado akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Paulo alimwombea Timotheo, na pia akamshauri juu ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Luka, mwenzake wa safari, alikuwa tabibu. Kwa hiyo tunawaambia wazi:

Anayetumia dawa za kichwa, za kifafa au za huzuni asiziache ghafla kwa sababu ya mahubiri ya simu, wala hata kwa sababu ya mahubiri yetu. Azungumze kwanza na mhudumu aliyempa. Dawa nyingi za huzuni huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu, na kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu dawa zikiachwa ghafla.

Asiyelala kwa majuma, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au asiyeweza tena kupika na kuoga, apelekwe kituo cha afya. Wahudumu wa afya wa kijiji wanaweza kuonyesha njia. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Na wewe unayewaza kufa kama Eliya, tunakuomba: mwambie mtu leo. Mwambie mchungaji, mama mzee wa kanisa, jirani, muuguzi. Hatutakufukuza wala kukutangaza. Na ninyi mtakaoambiwa, msimwache mtu huyo peke yake. Ondoeni ndani ya nyumba dawa ya kuua wadudu wa shambani, kamba na vidonge, kaeni naye, na mpelekeni kituoni. Kumwuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema.

5. Tufanye nini juma hili?

Tunaomba kila kikundi cha nyumbani kifanye mambo matatu. Kwanza, Jumapili baada ya ibada simu zizimwe mpaka jioni, familia ikae pamoja, hata kama ni kumenya mihogo tu. Pili, watu wawili wawili watembelee nyumba moja ya mtu aliyeacha kuonekana, wapeleke chochote kilichopo, wasikilize kuliko kusema. Tatu, mjadili maswali haya:

a) Kwa nini Mungu alimpa Eliya chakula kabla ya kumpa kazi?
b) Ni nani kati yetu amebaki chini ya mretemu, na nani atamwendea?
c) Ni mambo gani ya simu yanaondoa amani nyumbani mwetu?

Tuombe:

Bwana Mungu wa Eliya, wewe uliyemwona mtumishi wako jangwani, utuone na sisi huku ugenini. Wape usingizi wasiolala. Wape mkate wenye njaa. Uwaponye walioumia moyoni, kwa maombi, kwa dawa na kwa mikono ya majirani. Wale wanaotamani kufa uwashike, ututume kwao mapema. Na utusaidie tusione aibu kusema kwamba tumechoka. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Ndugu zenu katika Bwana,
Wachungaji na wazee wa kanisa