Kazi Aliyowakataza Wengine

Somo la juma: 2 Samweli 21:8–14

Kifaru aina ya Sherman, kilichotumiwa sana na Wamarekani na Waingereza katika Vita Kuu ya Pili, kilibeba watu watano. Kamanda alisimama juu, kichwa nje ya mlango, maana ukijifungia ndani unaiona dunia kupitia kijitundu. Na kwa kuchungulia hivyo makamanda wengi waliuawa na wadunguzi. Mbele ya magoti yake aliketi mpiga mzinga. Ng'ambo ya pili ya mzinga alikuwapo mpakiaji, ambaye kwa Waingereza ndiye pia aliyeshika redio. Chini kabisa, mbele, walikaa dereva na msaidizi wake. Kelele za injini zilikuwa kubwa kiasi kwamba watu waliokaribia kugusana mabega walisemezana kwa vinasa sauti na vipokea sauti vya masikioni. Mzinga ukilia, moshi wa baruti uliwakaba koo. Haja ndogo waliimalizia ndani ya ganda la kombora lililokwisha kupigwa. Msomaji anisamehe kulitaja hili, lakini ndivyo watu walivyoishi humo, siku baada ya siku.

Ninaowafikiria hapa walipigana kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1944, ambako mwezi wa Juni giza huchelewa kuingia, na alfajiri huwahi. Mapigano ya mchana yakitulia, vifaru vilirudi nyuma kukusanyika, na hapo kazi ya pili ikaanza: kumimina mafuta debe kwa debe, kupandisha makombora ya kilo tisa hivi kila moja, kukagua minyororo, kusafisha mtutu, kuchemsha chai, kisha zamu ya ulinzi. Usingizi uliobaki ulikuwa wa saa chache. Walilala wamebanana ubavuni mwa kifaru, chini ya turubai. Wageni wa kazi walitamani kulala uvunguni, wajikinge na mabomu. Wazoefu waliwakataza, kwa kuwa chuma cha tani 30 juu ya udongo laini huweza kudidimia usiku na kumfunika aliyelala.

Hata hivyo, hofu yao kubwa ilikuwa moto. Makombora yalipangwa ubavuni, juu ya minyororo. Kombora la adui likipenya na kuigusa baruti ile, waliomo ndani walikuwa na sekunde za kuhesabu. (Mwaka 1944 zilianza kutoka Sherman ambazo makombora yake yalihamishiwa sakafuni, katika makasha yaliyozungukwa na maji, na visa vya kuungua vikapungua sana.) Tena kulikuwa na jambo la milango. Mpakiaji wa Sherman za mwanzo hakuwa na mlango wake. Alipaswa kunyata chini ya mzinga na kutokea alipotokea kamanda. Na kichwa cha kifaru kikiwa kimegeuzwa pembe fulani, mtutu ulikaa juu kabisa ya mlango wa dereva au wa msaidizi wake. Mlango hauinuki. Dereva hakuweza kulibadili hilo kutoka alipoketi. Kufa au kupona kwake kulitegemea mwenzake wa nyuma, asiyemwona, aliuacha mtutu ukielekea wapi.

Tunapenda kuhubiri kubebeana mizigo kana kwamba ni jambo tamu. Wale vijana waliujua upande wake mkali: mwenzako anaweza kukufungia mlango bila nia mbaya yoyote, akiwa anatekeleza wajibu wake tu.

Sasa nimlete mtu niliyekusudia kumzungumzia. Leslie Skinner alikuwa mchungaji wa Kimethodisti aliyewekwa katika kikosi cha Sherwood Rangers Yeomanry, kikosi kilichoingia katika vita hivyo kikiwa bado na farasi, kikaja kupewa vifaru na kupigana huko El Alamein. Juni 6, 1944, Skinner alishuka pamoja nao katika ufuko wa Normandy. Siku tatu baadaye aliuawa Keith Douglas, ofisa wa kikosi hicho na mshairi, na Skinner ndiye aliyemzika kando ya ua wa miti. Mchungaji mwenyewe alijeruhiwa, akatibiwa, akarudi.

Kifaru kilipoungua, mtu alipaswa kuingia kuwatoa waliobaki ndani. Skinner aliingia. Wakati mwingine alikuta miili iliyokwama asiweze kuitoa. Wakati mwingine alipekua majivu akakuta mifupa michache. Alikusanya alichoweza, akajitahidi kutambua nani ni nani, akazika, akaandika kaburi liko wapi, akawaandikia wazazi na wake. Katika shajara yake ameeleza kwamba mkuu mmoja alijitolea kumpa askari wa kumsaidia, naye akakataa. Sababu yake ilikuwa kwamba watu wanaoishi na kupigana ndani ya vifaru wanajua haya hutokea. Kuwalazimisha wayatazame hakuwafai. Hiyo, alisema, ni kazi yake. Na siku hiyohiyo aliugua, akatapika.

Rispa binti Aya ndiye ninayemwona karibu na Skinner katika Maandiko. Mwanamke huyu alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku wasiiguse miili ya wanawe waliotundikwa, na ya wengine watano waliotundikwa pamoja nao, ambao hakuwazaa. Hakuna aliyemtuma. Hasemi neno hata moja katika habari yote. Ila habari ilimfikia Daudi, na mfalme akainuka: mifupa ya Sauli na Yonathani ikaletwa, ya wale waliotundikwa ikakusanywa, mazishi yakafanyika.

Skinner namheshimu sana, lakini katika jambo moja nashindwa kumsifu moja kwa moja. Aliwakinga askari wake. Yeye alikingwa na nani? Sheria ya Musa ilimhesabu aliyegusa maiti kuwa najisi siku saba, kisha ikaweka utaratibu wa wazi wa kumrudisha katika jamaa ya watu. Torati ilijua kwamba mtu hatoki kwenye kazi hiyo kama alivyoingia. Sisi tumeiacha desturi ile, na badala yake hatukuweka kitu.

Usharikani mwetu wapo akina mama wanaoitwa usiku kuosha maiti. Yupo kaka anayefanya kazi chumba cha maiti, ambaye nimeona watu wakisita kumpa mkono wakati wa kutakiana amani. Wapo vijana wa bodaboda wanaokuwa wa kwanza kufika gari linapopinduka, wakavua mashati yao kufunika waliolala barabarani. Wanafanya ili ninyi msione, kisha Jumapili wanakaa benchi moja nanyi wakiimba pambio lilelile.

Jumatano hii, baada ya ibada ya jioni, nitakuwa ofisini kwa ajili yao tu. Hakuna mada wala mchango. Umoja wa Wanawake wamekubali kupika chai na mihogo. Wazee wa kanisa, kila mmoja aje na mtu mmoja wa namna hiyo kutoka mtaa wake, amfuate nyumbani kwake amwalike kwa mdomo. Tangazo la kanisani watu hawa hawalisikilizi, wamezoea kudhani linawahusu wengine.