Datsun ya Mjomba ni ya Nani?

Logbuku ya gari hapa Kenya ina namba mbili za kusomwa polepole: ya chesisi na ya injini. Ukibadilisha injini, sheria inakutaka uwaarifu NTSA, namba ya zamani iondolewe na mpya iandikwe. Basi, yamekwisha, gari ni lile lile. Lakini jaribu kuchezea namba ya chesisi uone. Hapo si badiliko tena, ni kesi. Yaani serikali imeshajibu kimyakimya swali linalowasumbua wanafalsafa tangu Wagiriki wa kale: ukibadilisha sehemu za kitu, ni nini kinachokifanya kiendelee kuwa kitu kile? Serikali inasema ni tarakimu zilizogongwa kwenye bati.

Jibu hilo linamtosha polisi wa barabarani. Mimi halinitoshi. Kwenye ploti ya familia huku upande wa Kitengela, kuna Datsun 240Z iliyofunikwa kwa turubai. Mjomba alituachia watu wawili, mimi na binti yake. Namba yake ya usajili ni ya kizamani, herufi tatu na tarakimu tatu, na injini yake imeganda, haizunguki. Fundi tuliyemwita ni kijana na hakupoteza muda: "Toeni hiyo, niwawekee 1JZ ya Mark II. Mnapiga ufunguo asubuhi, mnaenda Namanga mnarudi, hakuna stori." Binamu yangu hakucheka. "Ukiweka injini ya Toyota hapo, hiyo si gari ya baba tena," akasema. "Itakuwa Toyota imevaa nguo za baba."

Sentensi hiyo nimeitafuna kwa miezi. Mabishano mengi ya vijana wa magari huishia kwenye nguvu za farasi na bei. Yeye aliuliza jambo la maadili: kitu cha zamani kikikujia mkononi, una haki ya kukifanya nini?

Tuanze na gari lenyewe. 240Z ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969: milango miwili ya abiria, boneti ndefu, na injini ya L24 yenye silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili. Soko lake kubwa lilikuwa Marekani, lakini sifa ya ugumu ilijipatia huku kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo baada ya kufungana kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Gari lililoshinda mwaka 1971 leo liko Zama, Japani, kwenye mkusanyiko wa magari ya kihistoria wa Nissan. La mjomba halikuwahi kushindana popote. Alilinunua kwa sababu, akiwa kijana, alisimama kando ya barabara ya vumbi akayaona yale mengine yakipita.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Iachwe originali," namwuliza: originali ipi? Magari ya Safari yaliongezewa taa, yakavishwa kinga ya chuma chini ya tumbo, na njiani yakakuta mafundi wakisubiri na vipuri mkononi. Heshima tunayoipa 240Z ilitokana na gari lililokuwa likifunguliwa na kufungwa tena kila siku ya mashindano. Hata chakula chake kimebadilika. Petroli yenye risasi, ambayo gari hili lilinyweshwa likiwa jipya, iliondolewa sokoni Kenya kufikia mwaka 2006, na hakuna mzazi anayetaka irudi.

Wasomi hapa huwa wanaileta meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi, ubao ukioza wanaweka mwingine, hadi wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni meli ile ile, wengine wakakataa. Karne ya 17 Thomas Hobbes akatia chumvi kwenye kidonda: je, mtu akiziokota zile mbao zote za zamani akaunda meli ya pili, ya kweli ni ipi? Ni mfano mzuri, ila kwetu haufiki mbali. Kule ubao ulibadilishwa kwa ubao. 1JZ si L24 mpya. Kweli, nayo ina silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.5, lakini kabureta haina. Mafuta yake yanapimwa na kompyuta. Hatuzibi pengo hapa, tunabadilisha damu.

Na kwa kubadilisha damu, Kajiado ina uzoefu. Wafugaji wa Kimaasai wamewachanganya zebu wao na madume ya Sahiwal, aina iliyotoka bara Hindi na kuendelezwa kwenye kituo cha utafiti cha Naivasha. Vizazi kadhaa baadaye ng'ombe ni wakubwa zaidi na maziwa ni mengi zaidi. Sijasikia mtu akisema boma si la baba yake tena kwa sababu ng'ombe wamebadilika. Lakini mfugaji huyo huyo atakuambia na upande wa pili: mwili mkubwa unataka nyasi nyingi na maji mengi, na ukame ukija, wa kwanza kulala chini ni yule mchanganyiko.

Gari nalo ni hivyo. 240Z ilitoka kiwandani na breki za diski mbele na za ngoma nyuma, zilizopimwa kwa nguvu za L24. Ukiongeza nguvu ukaacha breki, rejeta na pampu ya mafuta vilevile, hujatatua shida, umeihamisha tu, na safari hii imehamia kwa mtoto anayevuka barabara ya Namanga. Anayeongeza nguvu anadaiwa breki. Hilo halina mjadala.

Lakini hilo ni suala la usalama. Binamu yangu bado sijamjibu.

Kiswahili kina maneno matatu yanayonisaidia kufikiri. La kwanza ni amana. Ukiwekewa amana, kazi yako ni kuirudisha kama ulivyoipokea. Kuitumia ni kukosa uaminifu. La pili ni urithi. Ukirithi, mali ni yako: uza, kata, paka rangi ya waridi, hakuna wa kukuuliza. La tatu ni wakfu. Watu wa Pwani wanalijua vizuri, na Kenya ina hata Tume ya Wakfu. Mtu akiweka duka kuwa wakfu wa msikiti, duka haliuzwi wala haligawanywi, lakini kodi yake inatumika, paa likivuja linaezekwa, na mpangaji akihama anaingia mwingine. Kiini kinalindwa ili faida iendelee kutiririka. Najua wakfu wenyewe una masharti yake ya kidini na ya kisheria. Mimi naazima wazo tu.

Binamu yangu analiona gari kama amana. Fundi analiona kama urithi. Kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja anapoteza kitu. Gari likiwa amana, litakaa chini ya turubai hadi kutu ile namba ambayo serikali inaiamini sana. Likiwa urithi, grainda itaingia, bati litakatwa ili injini mpya ipate nafasi, na baada ya miaka kumi atakayelipokea atapokea uamuzi wetu, hatapokea gari la mjomba.

Madhara ya kuchukulia kila kitu kama urithi yanaonekana Kitengela yenyewe. Ardhi hii ilikuwa ranchi ya kundi, ikagawanywa katika miaka ya 1980, kila mtu akapata cheti chake. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuuza, na wengi waliuza. Matokeo yake, njia za wanyama kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda kusini zimezibwa na nyua na nyumba za mawe. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kila mwaka ili wasijenge ua wala wasiuze. Ukiutazama vizuri, mpango ule ulikuwa unajaribu kugeuza urithi kuwa kitu kama wakfu: shamba ni lako, lishia mifugo yako, ila usifanye jambo ambalo mtoto wako hataweza kulifungua. Ua wa waya unang'oka kwa siku moja. Ghorofa haling'oki.

Hapo ndipo ninapoona mpaka. Swali la kuuliza kabla ya kubadilisha chochote ni hili: anayekuja baada yangu ataweza kukirudisha? Hata FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, ambalo kwa mabadiliko ya namna hii ni kali, linahimiza kwamba mabadiliko yakibidi kufanywa yawe yanaweza kuondolewa. Kwa Datsun yetu maana yake ni rahisi kusema na ngumu kufanya: hakuna kukata bodi. Injini mpya ikae juu ya vishikizo vilivyotengenezwa kwa boliti za zamani. Pale ambapo vitu viwili havitoshani, anayekatwa ni mgeni: tutapunguza sampu ya Toyota, hatutagusa bati la Datsun. Fundi kijana ananiambia hiyo ni kazi mara mbili. Nakubali. Heshima mara nyingi huwa ni kazi mara mbili.

Pingamizi zito zaidi nililisikia kwa fundi mzee wa Grogan, pale Kirinyaga Road, mtu anayepima kabureta mbili kwa sikio, mpira mmoja umeingia sikioni na mwingine uko kwenye mdomo wa kabureta. Hakuzungumzia roho ya gari wala kumbukumbu. Aliuliza tu, "Mkiziondoa zote, nitamfundisha nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu anasema kweli. Japani kuna hekalu la Ise ambalo hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013. Mbao ni mpya, lakini waliojenga mara iliyopita wanawafundisha wanaojenga mara hii, na mikono hiyo ndiyo inayohifadhiwa. Kwa kipimo hicho injini ya kisasa inapunguza kitu ambacho hakuna logbuku inayokiandika. Ukinunua injini iliyotumika kutoka Japani, ikaja na waya zake na kompyuta yake, umenunua pia ujuzi uliofungiwa ndani. Fundi wako ataunganisha. Atakachojua ni kuunganisha.

Ndiyo maana naona wakfu wetu hauishii kwenye bodi. L24 iliyoganda haiendi kwa watu wa vyuma chakavu. Tumekubaliana na mzee kwamba ataifungua mezani, polepole, na yule kijana wa 1JZ atakaa kando yake akishika spana. Itachukua muda, labda mwaka, labda zaidi. Gari litakuwa linatembea kwa damu ya kuazima huku damu yake ikisafishwa. Mtu anaweza kusema huo ni ubadhirifu katika mji ambao wengi wetu tunanunua maji ya lori. Huenda. Lakini fedha zinazolipa mikono miwili ya mafundi zinabaki hapa hapa, na ujuzi nao unabaki.

Sasa nirudi kwa maneno ya binamu. Toyota imevaa nguo za baba. Nimegundua kwamba sibishani na picha yake, nabishana na hitimisho lake. Katika familia nyingi tunazozijua, nguo za marehemu hazitundikwi ukutani. Hugawiwa. Mmoja huchukua koti, mwingine viatu, na miaka mingi baadaye unamwona mtu sokoni unasema, lile koti nalijua. Hakuna anayehisi marehemu ametukanwa. Kinachokatazwa ni aliyevaa koti kujifanya ndiye marehemu.

Kwa hiyo uongo ndio ningeukataa kuliko injini. Namba mpya itaandikwa NTSA. Boneti ikifunguliwa, jina la Toyota litasomeka pale pale, halitafunikwa kwa kibati cha Datsun. Siku tukiuza, mnunuzi ataambiwa kabla ya kuuliza, na ataonyeshwa L24 kwenye stendi yake, ni sehemu ya bei. Binamu amekubali kwa sharti moja: kila boliti ya zamani iwekwe kwenye kopo na kuandikwa ilikotoka. Ameanza kuyaandika makopo mwenyewe, kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa mwalimu wa darasa la pili. Akitokea siku moja mtoto wake akataka kurudisha sauti aliyoisikia babu yake kando ya barabara, atakuta matundu ya boliti yale yale, mahali pale pale.