Wakili wa Mwenye Hatia

Mara nyingi walimu wetu wametuuliza neno hili: Je, yampasa Mkristo kusimama mbele ya hakimu na kumtetea mtu ambaye watu wote wajua ya kuwa ameua? Wengine husema, kazi ya wakili ni kuuza ulimi wake tu. Basi twataka kuwasimulia habari za wakili mmoja wa Marekani, jina lake Clarence Darrow, aliyezaliwa mwaka 1857 akafa mwaka 1938.

Mtu huyu hakuwa mwamini, wala hakuficha jambo hilo. Tena hatumweki mbele yenu kama mtakatifu. Mwaka 1912 yeye mwenyewe alishitakiwa kwamba alitaka kumhonga mmoja wa wale waliochaguliwa kuamua kesi. Akaonekana hana hatia, na aliposhitakiwa mara ya pili waamuzi hawakupatana. Hapo zamani alikuwa wakili wa kampuni ya reli, akaiacha kazi ile mwaka 1894 ili amtetee Eugene Debs, mkuu wa wafanya kazi wa reli waliogoma.

Mwaka 1924 katika mji wa Chicago, vijana wawili, wana wa matajiri, Leopold wa miaka 19 na Loeb wa miaka 18, walimwua mtoto wa miaka 14. Hawakuwa na chuki naye. Walitaka kuona kama waweza kuua wasijulikane. Watu wengi wakataka wanyongwe. Darrow, mzee wa miaka 67, hakusema hata kidogo ya kuwa hawakuua. Aliwashauri wakiri. Kisha akamsihi jaji siku baada ya siku awaachie uhai wao, naye jaji akawahukumu kifungo cha maisha, na juu yake miaka 99.

Angalieni: maungamo kwanza, utetezi baadaye. Sisi tumezoea kudhani ya kuwa kumtetea mtu ni kuificha dhambi yake. Lakini Yohana, katika waraka wake wa kwanza, atuambia tunaye Mwombezi kwa Baba, naye Mwombezi huyo hasemi ya kwamba hatukukosa.

Je, na mama wa yule mtoto? Hapo twanyamaza. Loeb aliuawa gerezani mwaka 1936. Leopold alifunguliwa mwaka 1958, akaenda kisiwa cha Puerto Rico, akafanya kazi katika hospitali ya Wakristo, akafa mwaka 1971. Mtoto yule hakupewa miaka hiyo, wala hakuna wakili awezaye kumrudishia.

Hata hivyo twaona haya, kwa maana asiyeamini alifanya lile tusilolifanya. Mkristo akiletwa mbele ya wazee wa kanisa kwa ulevi au uzinzi, wote huketi upande mmoja, naye huketi peke yake. Juzi tulimwomba mzee mmoja aketi karibu na mshitakiwa, amsaidie kusema. Akakataa, akiogopa watu wasije wakadhani ya kuwa aipenda dhambi ile.